Geji Isiyoudhi: Mwongozo kwa Mwenye Fuso wa Mafinga

Mwongozo huu nimewaandikia wastaafu wenzangu. Wewe uliyefundisha, uliyetibu au uliyegonga mihuri ofisini miaka thelathini na ushei, kiinua mgongo kikatoka, mama watoto akashauri mjenge fremu za maduka, nawe ukaenda kununua Fuso ya kubeba mbao. Karibu Mafinga. Kamwene! Gari unalo, dereva unaye, na bila shaka dereva ameshakutamkia maneno ambayo kila dereva humwambia tajiri mpya kabla mwezi haujaisha: "Mzee, gari ni zima, ila nguvu ndiyo hakuna."

Usimbishie. Ana hoja kubwa kuliko anavyojua mwenyewe. Mafinga imekaa karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa imepungua kwa kiasi cha moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, ulikoijaribu hiyo Fuso kwa kuizungusha Tabata mara mbili na kuisifu. Mgeni wa pwani akikimbilia basi stendi ya Mafinga anahema kama aliyetoka kulazwa. Fuso isiyo na tabo ya kuisukumia hewa, ikiwa na mbao zake mgongoni, inahema vilevile, ila yenyewe haina wa kuipa pole.

Nguvu hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni kupunguza mzigo, na nimeitaja ili mwongozo usionekane una pengo. Sijawahi kukutana na mtu aliyeijaribu. Ya pili ni kuifungulia pampu imwage dizeli zaidi. Ya tatu ni kuifunga tabo injini iliyozaliwa bila tabo. Fundi wangu kwenye risiti aliandika "kufunga tabu". Nilidhani ni kosa la tahajia.

Mimi nilichukua ya pili na ya tatu kwa mkupuo mmoja. Kwenye gereji ambayo sitaitaja, fundi pampu alikata sili ya waya iliyokuwa inalinda skurubu tangu Japani, akazungusha kidogo, akawasha, akainamisha kichwa kusikiliza kwa sikio la kulia, akazungusha tena. Dakika ishirini hazikuisha. Bomba likatoa moshi mweusi uliofunika ua mzima, kuku wakakimbia.

"Umeona, Mwalimu? Hiyo ndiyo nguvu."

Nilifundisha fizikia miaka 31. Nilijua fika kwamba moshi ule ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungulia, kwa hiyo nilichokuwa nakitazama ni pesa yangu ikielea kwenda Kinyanambo. Lakini jioni ile gari lilipanda mlima kwa gia ya nne, na mtu ambaye gari lake limepanda kwa gia ya nne hasikilizi fizikia, hata kama aliisomesha yeye.

Niiseme basi hiyo fizikia haraka, ili nikimaliza tuendelee kuipuuza pamoja. Kwenye injini ya petroli, mchanganyiko wenye mafuta machache ndio unaoleta joto kali. Dizeli ni kinyume chake. Inavuta hewa yote inayoweza kuvuta, na mguu wa dereva unatawala mafuta tu. Mafuta yakizidi, joto linapanda. Tone lililokosa hewa kwa wakati wake huchelewa kuungua, likawa bado linawaka valvu ya kutolea moshi inapofunguka, na joto lote linamiminika kwenye manifodi na kwenye feni ya tabo. Ndani ya silinda kuna pistoni ya alumini. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi; kama huamini, muulize mama yeyote aliyesahau sufuria tupu jikoni mkaa ukiwa umekolea. Moto wa ndani ya silinda ni mkali kuliko huo kwa mbali, na pistoni inaponea kwa sababu moto unakuja na kuondoka, katikati oili na maji vikiipoza. Ukiongeza mafuta unaipunguzia muda wa kupoa. Unaweza kuendelea kuipunguzia hivyo miezi kadhaa bila kuona chochote.

Hapo ndipo inapoingia geji ya joto la moshi, kifaa ambacho duniani kote mtu anayeongeza nguvu kwenye dizeli anatakiwa akifunge kabla ya kugusa skurubu. Mpwa wangu aliyeko Marekani alinitumia moja baada ya kusikia habari za tabo. "Mjomba," alisema kwenye simu, "usiendeshe hilo gari bila hii." Kijana ana heshima. Sikuweza kuikataa zawadi, na ndivyo nilivyogundua kwamba geji hii inaweza kufungwa kwa namna isiyomuudhi mtu yeyote.

Yenyewe ni kitu chepesi. Nyaya mbili za metali tofauti zimeunganishwa nchani, ncha inaingizwa ndani ya moshi, na ile tofauti ya joto kati ya nchani na huku kwenye geji inazaa umeme kidogo sana. Kwa aina inayotumika kwenye ekzosi, ambayo waya mmoja ni nikeli na kromiamu na mwingine ni nikeli na alumini, unapata kama sehemu arobaini na moja za milioni ya volti kwa kila nyuzi moja. Nazungumzia sehemu za milioni, usije ukaunganisha balbu. Thomas Seebeck aliliona jambo hili mwaka 1821, sindano ya dira ikitikisika karibu na metali alizozipasha moto, akashikilia kwamba ile ni sumaku iliyozaliwa na joto. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuisoma vibaya geji hii ni yule aliyeigundua. Mimi na wewe tuko kwenye nasaba njema.

Hatua ya kwanza, basi, ni rangi ya nyaya. Fundi umeme yeyote wa magari, kuanzia Tunduma hadi Tanga, anajua kwamba nyekundu ni chanya. Amezaliwa nayo. Wamarekani, kwa sababu wanazozijua wao, kwenye nyaya za aina hii wameamua nyekundu iwe hasi na chanya iwe ya njano. Karatasi ya maelekezo inasema hivyo, lakini sisi maelekezo tunayatumia kufungia spea zilizobaki. Fundi wangu alifunga nyekundu kwenye chanya, kwa kujiamini, na mimi mwenye shahada nikamshikia tochi.

Matokeo yake yalikuwa amani ya wiki tatu. Kadiri injini ilivyozidi kuchemka, sindano ilizidi kwenda chini, mpaka ikalala kwenye kigingi cha mwanzo isiamke tena. Dereva alinipigia simu kutoka Makambako akicheka. "Mzee, injini yetu haipati moto kabisa! Hii ni mashine!" Nami niliwasimulia wazee wenzangu kwamba siri ni baridi ya Mafinga, hasa ile ya Juni na Julai, inaipoza injini yenyewe. Mmoja wao alikubali. Yeye alikuwa ametoa themostati kwenye gari lake ili lisichemke, kama mafundi wetu wapendavyo, na tangu hapo injini yake ilikuwa haipati joto hata la kuivisha yai. Tulielewana sana.

Amani ile iliharibiwa na kijana mmoja wa VETA aliyekuja kutengeneza taa ya breki, akaziona nyaya, akazibadilisha bila kuombwa. Safari iliyofuata dereva alipiga simu sauti ikiwa nyingine.

"Mwalimu, imesoma elfu moja na mia nne."

Hatua ya pili: vipimo. Geji ya Kimarekani inasoma Farenhaiti. Nilimwambia dereva atulie, hizo ni digrii za Kimarekani, ukizibadilisha zinapungua. Na kweli zinapungua: 1,400 za kwao ni 760 zetu. Ninachokishangaa hadi leo ni jinsi lile badiliko lilivyonituliza, kana kwamba nimetoka duka la fedha na chenji mkononi, ilhali pistoni hailipwi kwa Farenhaiti wala kwa Selsiasi. Wajuzi wa dizeli husema moshi kabla ya tabo usikae juu ya nyuzi 700 kwa muda mrefu, yaani kama 1,300 za kwao. Kwenye tambarare, mzigo wa wastani, unatarajia 300 hadi 450. Kwenye mlima 600 na kidogo si ajabu. Mimi nilikuwa na 760 kwenye mlima ambao hata jina hauna.

Sasa angalia jinsi watu wanne walivyolipokea jambo lile. Dereva analipwa kwa tripu, hivyo gari lenye kasi ni gari zuri. Mimi nalipwa kwa mzigo. Fundi analipwa gari likiharibika, na analipwa tena likirudi. Utingo analipwa kidogo mno hata hana sababu ya kuwa na maoni. Geji peke yake ndiyo haina anayeilipa, na sote tulijua la kuifanya.

Linganisha na mizani. Pale Makambako au Wenda kila mtu anajua uzito wa gari lake hadi kilo, na madereva wanaitaja tani 56 ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kama wanataja siku zao za kuzaliwa. Kwa nini? Mizani ina faini. Geji ya moshi haina askari, haina risiti, inasema mara moja kwa adabu halafu inanyamaza.

Hatua ya tatu ni mahali pa kuchomeka ncha. Mahali sahihi, pa kuepukwa kabisa, ni kwenye manifodi yenyewe, pale moshi wa silinda zote unapokutana kabla ya kuingia kwenye tabo, ncha ikae katikati ya mkondo. Kuna visingizio vizuri vya kupakwepa. Kutoboa chuma cha manifodi kunaacha chenga, na chenga zikiingia kwenye feni inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, umeua tabo kabla ya safari. Ndiyo maana watu makini hushusha tabo kwanza, au hupaka drili grisi nzito ishike chenga, wakatoboa polepole na kusafisha kwa sumaku. Kisingizio cha pili ni kwamba ncha inaweza kukatika siku moja ikamezwa na hiyo hiyo feni. Kina ukweli ndani yake, ndicho kinachokifanya kiwe kisingizio bora.

Tuliihamishia baada ya tabo. Moshi ukishaizungusha tabo umetumia sehemu ya joto lake, kwa hiyo chini ya mzigo unakuta pungufu ya nyuzi 100 hadi 200. Sisi tulipata pungufu ya 160. Moja kwa moja! Hakuna tulichopunguza kwenye pampu, hakuna gunia tulilotupa, joto likashuka kutoka 760 hadi 600. Fundi alisema angeweza kuishusha zaidi kama tungeifunga kule nyuma karibu na sailensa, na nilikaribia kukubali.

Kuihamisha kukazaa hatua ya nne yenyewe. Waya ulikuwa mfupi. Waya halali wa kurefushia lazima uwe wa metali zilezile, na Mafinga haukuwepo, nadhani hata Iringa, ingawa sikuuliza. Tukarefusha kwa waya wa spika. Hapa inabidi nivae tena koti la darasani. Ukiunga shaba kwenye nyaya hizo, kipimo kinaishia kwenye ule muungo, wala hakifiki tena kwenye geji. Na muungo wetu ulikaa chini ya kebini, ubavuni mwa injini, kwenye joto la nyuzi kama 90. Geji iko ndani ya kebini kwenye 20. Zile 70 katikati zinapotea hivi hivi njiani. 600 ikawa 530, ambayo kwa Kimarekani ni kama 986. Chini ya elfu! Dereva alipiga honi kutoka barabara kuu hadi nyumbani.

Hatua ya tano ni pa kuiweka geji yenyewe. Dereva alilalamika kwamba mbele ya usukani inamtazama. Ikahamia nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, ambako inakaa vizuri.

Najua kuna msomaji anayetaka kusikia kuhusu mlima wa Kitonga, na ni haki yake, maana mwenye gari wa Mafinga hakwepi Kitonga. Vijana wa mjini wakisema "kitonga" wanamaanisha kitu cha bure, mteremko. Walioanzisha lugha hiyo lazima walikuwa wanaelekea Dar. Ukishuka na mbao za Sao Hill, mguu hauko kwenye mafuta, na sindano inaporomoka mpaka unaona haya kwa jinsi injini ilivyo baridi. Wakati huohuo dereva anatoka jasho, breki zinanuka hadi gari la nyuma, na utingo ameshika jiwe mkononi kabla hajaulizwa. Usije ukadhani geji imechanganyikiwa. Inapima moshi, breki haizijui.

Unaporudi na saruji ndipo inapozungumza. Unaanzia chini Ruaha Mbuyuni, kwenye joto la vitunguu na mibuyu, radieta imeshachoka kabla mlima haujaanza. Halafu kona juu ya kona, mbele yako kuna semi inayotambaa, huwezi kupita na huwezi kusimama. Kadiri unavyopanda hewa inazidi kuwa nyembamba na saruji haipungui hata mfuko. Dereva ana njia mbili. Ashuke gia mapema, injini izunguke haraka, tabo ipate pumzi, moto upungue, afike juu akiwa amepitwa na kila mtu. Au abaki kwenye gia kubwa, akandamize mpaka chini, injini igune, bomba litoe moshi wa kuziba jua, na abiria wa basi la nyuma wamkumbuke kwenye sala zao. Geji ya maji haitamwambia kitu kwa dakika kadhaa, kwa kuwa maji hayana haraka. Joto la moshi linapanda kwa sekunde. Ila geji yake ilikuwa nyuma ya kalenda.

Kuna watu wasiojua raha wanaofanya kinyume cha haya yote. Ninamjua mmoja Mufindi, anabeba nguzo za umeme. Ncha yake iko kwenye manifodi, geji iko machoni pa dereva, na kwenye kioo cha geji amechora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha ya mkewe kwenye 680. Ukifikia mstari unalegeza mguu au unashuka gia, basi, hakuna mjadala. Chujio lake la hewa analifungua kila wiki wakati wa kiangazi, maana vumbi la barabara za msituni likiliziba injini inanyimwa hewa na joto linapanda hata kama pampu haijaguswa. Dereva wake akifika haizimi injini mara moja. Anaiacha ingurume dakika mbili tatu tabo ipoe, na watu wanamcheka kwamba anachoma mafuta ya tajiri. Pampu aliifungulia na yeye, halafu akairudisha nusu mzunguko baada ya safari ya kwanza. Nusu mzunguko! Gari lake linapanda kwa gia ya tatu. Tunampita sana.

Au tulikuwa tunampita. Na wewe mwenye Land Cruiser ya 1HZ unayejiona haya hayakuhusu: ile ni injini ya lita 4.2 iliyotengenezwa bila tabo, mgandamizo wake 22.4 kwa 1, na wanaoifunga tabo halafu wakaifungulia pampu hukutana na sisi kwenye benchi lilelile la gereji.

Zamu yangu ya benchi hilo ilifika nikiwa nyumbani nakunywa chai. Fuso ilikuwa inatoka Dar na saruji. Dereva alisema ilianza kukosa nguvu, halafu ikaanza kupumua kwa juu, ukifungua mfuniko wa oili moshi unakupiga usoni. Geji? Alifunua kalenda kuangalia. Ilikuwa inasoma vizuri tu, alisema, chini ya elfu.

Iliburutwa hadi Mafinga. Fundi alishusha hedi siku mbili baadaye, akaniita kwa heshima zote.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Niambie."

"Namba tano." Akanikabidhi pistoni ikiwa bado ina oili. Ukingo wake mmoja ulikuwa umelika kama kipande cha sabuni, na pembeni kuna tundu ningeweza kupitisha kidole gumba. Akaniuliza kama nitafunga pistoni mpya zote sita au hiyo moja tu. Nikamuuliza bei. Halafu nikaomba kiti.

Wiki iliyofuata alipita kijana wa skrepa na toroli lake. Alumini wananunua vizuri, inayeyushwa kuwa sufuria. Alining'iniza pistoni yangu kwenye mizani yake ya ndoano, akaitazama kwa haraka, akasema kilo moja na robo.

Nikamwambia hapana, dogo. Nikavaa miwani, nikaishika ile mizani isitikisike, nikahakikisha imeanzia sifuri, nikasubiri sindano itulie kabisa. Ilikuwa kilo moja na nusu. Nilimdai hiyo robo mpaka akanilipa.